Msitu wa Jirani: Namna ya Kuufaidi na Kuufaa

Wasomaji wanauliza jambo moja kwa njia mbili. Wapo wasemao: "Nauli na kiingilio cha Serengeti au Maasai Mara hatuna. Je, hapa karibu na mjini hakuna cha kuona?" Na wapo wanaopita kila siku kando ya msitu au bustani ya umma inayozidi kuchakaa, wakauliza waanzie wapi kusaidia.

Jibu langu kwa wote ni hili: chagua mahali pamoja karibu nawe, uende mara kwa mara hadi upajue, na usishike jembe kabla ya kuwauliza wanaopatunza kitu gani kinahitajika. Anayepajua mahali huona wanyama wengi kuliko mgeni, na msaada wake huwa ni ule unaohitajika kweli.

Wala usiseme huna msitu jirani. Nairobi ina Karura, hekta 1,041 katikati ya mitaa. Ina Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribia miti ya kuni za treni, na ina City Park. Wakazi wa Dar es Salaam wana Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe. Moshi kuna Msitu wa Rau na mivule yake mikubwa. Mwanza, kisiwa cha Saanane kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013, na kiko karibu mno na mji. Unguja kuna Jozani, Mombasa kuna Haller Park. Nitataja hizi kama mifano, lakini ushauri unafaa hata kwa kichaka cha nyuma ya shule ya kata.

Kabla hujatoka nyumbani

- Jua ni pa nani. Misitu mingi ya Tanzania Bara iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), Saanane iko chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa). Kenya, misitu ya serikali husimamiwa na KFS (shirika la misitu la taifa), na bustani za mjini mara nyingi na kaunti. Ukikosea ofisi utazungushwa wiki nzima.
- Uliza kiingilio na namna ya kulipa. Sehemu nyingi siku hizi hazipokei fedha taslimu. Beba kitambulisho, maana raia hulipa kidogo kuliko mgeni.
- Uliza saa ya kufungua geti. Saa nzuri ni kuanzia kumi na mbili hadi tatu asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni. Anayefika saa sita mchana amelipa kiingilio kutazama majani.
- Vaa rangi tulivu na viatu vya kufunika. Chomeka suruali ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe na siafu. Acha manukato nyumbani.
- Maji yawe kwenye chupa ya kutumia tena. Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja kwenye misitu na hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, na Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019. Usibishane na askari getini kwa jambo unalolijua.

"Nilienda, sikuona kitu"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na mara nyingi sababu yake ni mwendo. Watu huuchukulia msitu kama njia ya mazoezi: wanaingia kundi la watu kumi, wanazungumza, wanazunguka kilomita saba, wanatoka. Kila mnyama aliwasikia dakika tano kabla hawajafika.

Msituni, tofauti na mbugani, sikio hufika kabla ya jicho. Fanya hivi:

1. Tembea dakika kumi tu kutoka getini, uingie njia ndogo isiyo na watu wengi.
2. Kaa chini au egemea mti. Weka simu kimya. Nyamaza kwa dakika ishirini kamili. Tano za kwanza zitakuwa tupu, usikate tamaa.
3. Sikiliza juu. Matawi yakitikisika kwa kishindo hapa na pale, ni kima au mbega wanaruka. Sauti ya mabawa mazito yanayokata hewa huenda ikawa hondohondo.
4. Sikiliza chini. Mlio kama wa mbwa anayebweka mara moja moja kichakani huenda ni pongo aliyekugundua. Mchakacho mdogo kwenye majani makavu waweza kuwa kindi, kenge, au, kwa misitu ya pwani kama Pugu, sange mwenye pua ndefu akitafuta wadudu.
5. Ndipo uinue darubini. Anza kutazama pale majani yanapotikisika, usizungushe tu hewani.

Tafuta pia mahali ambapo wanyama wenyewe wana haja ya kufika. Mkuyu uliozaa ni karamu: ndege, kima na popo huujia kwa zamu, mchana na usiku, mpaka tunda la mwisho. Ukiuona mmoja umeiva, rudi kesho yake, na keshokutwa. Ukikuta msafara wa siafu, simama pembeni kwa usalama utazame ndege wanaodaka wadudu wanaokimbia. Kando ya maji, subiri mdiria: huwa na tawi lake analolipenda na hulirudia.

Majira nayo yana maana. Kuanzia Oktoba hadi Aprili tunapokea ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, miongoni mwao mbayuwayu na keremkerem. Mtu aliyezuru msitu wake Agosti tu bado hajauona wote.

Huhitaji vifaa vya bei. Darubini ya kuazima inatosha, hata kutokuwa nayo si kikwazo kwa mwezi wa kwanza. Kwenye simu, programu ya Merlin husaidia kutambua ndege kwa sauti na picha, na iNaturalist hupokea picha ya mmea, mdudu au mnyama wowote na kukusaidia kupata jina lake. Zote ni za bure. Lakini tahadhari: usiweke mlio wa ndege kwenye spika ili umvute aje. Yeye hudhani mvamizi ameingia eneo lake, huacha kula, huacha hata kiota kuja kupigana na simu yako.

Njia ya mkato iliyo bora ni kufuatana na wajuao. Mjini Nairobi, matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi yameendelea tangu 1971, yakiongozwa kwa miaka mingi na Bi Fleur Ng'weno, chini ya Nature Kenya, jumuiya yenye asili yake mwaka 1909. Mgeni asiyejua hata jina la ndege mmoja hupokelewa. Kama mji wako hauna kundi la namna hii, watu watatu wanatosha kulianzisha: siku moja ya mwezi, saa ile ile, geti lile lile. Wekeni daftari moja la pamoja mwandike tarehe, mahali, mlichokiona na wangapi. Baada ya miaka miwili daftari hilo litakuwa ushahidi ambao hata ofisi yenye gari na bajeti huenda haina.

Usimpe kima mkate

Najua watoto hufurahi. Najua kima na tumbili wa City Park na Arboretum huja wenyewe mpaka mkononi. Bado nakuomba usiwape kitu, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu kibao cha "usilishe wanyama" peke yake hakijamshawishi mtu.

Mbega tumbo lake limeumbwa kuchachusha majani polepole. Mkate na biskuti humvuruga. Kima na tumbili huweza kula karibu chochote, na hapo ndipo tatizo linapoanzia: akizoea, huacha kuomba akaanza kunyang'anya. Hunyang'anya mtoto asiye na chakula, humkwaruza, mzazi hushtaki, na mnyama aliyefundishwa na wageni ndiye anayenaswa au kuuawa. Zaidi ya hayo, mafua na magonjwa yetu mengine huwaambukiza. Jozani, ambako kima punju, wenye asili ya Unguja, wamezoea watu, wageni husogea kupiga nao picha mpaka bega kwa bega. Kaa mbali hatua kadhaa. Yeye akisogea, wewe rudi nyuma.

Makosa mengine, kwa ufupi:

- Muziki wa spika. Weka sikioni, au usiweke kabisa.
- Mbwa bila kamba. Pongo huficha ndama wake kwenye majani, na mbwa mpole kuliko wote humpata.
- Kuchuma ua, kung'oa mche "mzuri wa kupeleka nyumbani", kubeba gogo lililooza. Ndani ya gogo hilo wanaishi wadudu ambao ni chakula cha ndege uliokuja kuwatazama.
- Kuingia peke yako kwenye mapango ya popo ya Pugu, yaliyotokana na machimbo ya zamani. Nenda na mwongoza wageni, usipige kelele, usiwamulike popo usoni, na funika pua: vumbi la kinyesi chao si la kuvuta.
- Sigara na moto wa nyama choma nje ya sehemu iliyotengwa, hasa wakati wa kiangazi.

Sasa unataka kusaidia: anza na maswali

Hukumu yangu ni kali kidogo hapa. Msaada mwingi unaopelekwa kwenye misitu yetu ni ule unaompendeza mleta msaada. Nenda ofisini, salimia vizuri, keti, uliza:

1. Ni mmea gani unaowasumbua zaidi, na mnauondoaje?
2. Miche iliyopandwa mwaka jana, mingapi iko hai?
3. Ni kifaa gani kimeharibika na hakijapata fedha ya kukitengeneza?
4. Nani mwingine anasaidia, na anakutana lini?

Swali la nne lina uzito. Kenya, sheria ya misitu ya 2005, iliyofuatwa na ya 2016, inaruhusu vyama vya jamii kusimamia msitu pamoja na serikali. Friends of Karura Forest, kilichoanzishwa 2009, ni chama cha namna hiyo. Tanzania, Sheria ya Misitu ya 2002 imeweka nafasi ya usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji jirani, na kamati za maliasili za vijiji ndizo mlango wa kuingilia. Ukianzisha kikundi kipya wakati kipo kingine kinachohangaika kupata wanachama kumi, umekidhoofisha.

Kupanda miti: pale wengi wanapokosea

Kila msimu wa mvua huja mabasi ya fulana zinazofanana. Miche elfu hupandwa kwa saa mbili, picha hupigwa, mabasi huondoka. Kiangazi hufika na hakuna aliyerudi na ndoo. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja, kuulea mti ni kazi ya miaka miwili mitatu. Ukitaka kupanda, timiza haya:

- Aina ya mti iamuliwe na mhifadhi. Karura inaendelea kuondoa mikaratusi iliyopandwa enzi za mashamba ya miti na kurudisha miti ya asili ya nyanda zile, kama muhugu na mzeituni mwitu. Usilete mche wa mapambo ulioupenda kwenye kitalu cha barabarani.
- Panda mvua inapoanza, ya masika au ya vuli. Mvua ikikaribia kwisha umechelewa, hata kama ndiyo tarehe iliyowafaa wageni rasmi.
- Ondoa mfuko wa plastiki mzima kabla ya kufukia. Jambo dogo, na bado kila mwaka miche hukutwa imezikwa na mfuko wake.
- Ahidi kurudi: kupalilia, kumwagilia kiangazi, kuhesabu iliyo hai, kuziba mapengo.

Kampuni ikikuuliza ichangie nini, jibu lako liwe hili: badala ya kulipia miche 5,000 na sherehe, lipieni miche 500 pamoja na ujira wa watu wa kuilea kwa miaka miwili.

Na mahali pengi mche mpya si hitaji la kwanza kabisa. Kinachouzuia msitu kujirudisha ni magugu mageni, lantana likiwa mbele. Matunda yake madogo hubebwa na ndege, huota kila penye mwanga, na kufunika miche ya asili iliyojiotea yenyewe. Siku ya kung'oa lantana haina mgeni rasmi, lakini jua likishafika chini, miti ya asili iliyokuwa ikisubiri huinuka bila kununuliwa. Sharti ni kuonyeshwa kwanza, kwa kuwa mche wa asili ukiwa mdogo hufanana na gugu. Vaa glavu nzito, lantana lina miiba. Ng'oa na mzizi, maana likikatwa juu tu huchipua tena, na fanya hivyo kabla halijazaa.

Kama unaona mahali penu pameharibika kiasi cha kutofaa kitu, angalia Haller Park. Yalikuwa machimbo ya mawe ya saruji, mwamba mtupu wenye chumvi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda humo mivinje, mmoja wa miti michache iliyokubali kuishi. Majani yake yakaanguka na kurundikana bila kuoza. Akaleta jongoo. Jongoo wakayala, wakayageuza mboji, na juu ya mboji hiyo miti mingine ikapata pa kushika. Kazi ilisonga mbele kwa sababu kulikuwa na mtu aliyerudi kila mara kutazama kilichokwama.

Msaada mdogo wenye faida kubwa

Uliza, utaambiwa vitu visivyotarajiwa: gambuti za askari wa doria, toroli, mapanga na tupa ya kuyanoa, tangi la maji la kitalu, mlango wa choo. Choo kibovu hupunguza wageni, hasa wazazi wenye watoto, na wageni wakipungua kiingilio hupungua.

Wakati mwingine dawa iko nje ya msitu. Barabara inayopita Jozani ilikuwa ikiua kima punju kwa magari. Yalipowekwa matuta, vifo vikapungua. Kama barabara inakata msitu wenu, andikeni mahali na tarehe ya kila mnyama aliyegongwa. Orodha hiyo ndiyo itakayomwonyesha mhandisi tuta liwekwe wapi.

Kuhusu fedha: lipa kiingilio na udai risiti. Mlipe kijana wa jirani akuongoze, hata kama njia unaijua, naye atakuonyesha usichokijua. Nunua asali yao. Kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Watamu, mradi wa Kipepeo umewawezesha wanakijiji tangu 1993 kufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo. Familia inayopata ada ya shule kutokana na vipepeo ina sababu ya kutaka miti ibaki.

"Lakini fedha zetu zinaishia wapi?" Swali halali. Jiunge na chama, hudhuria mkutano mkuu, omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wote. Ukinung'unika getini utakuwa umemwonea askari asiyehusika.

Jirani mwenye kuni kichwani

Utamkuta. Ni mama au bibi, ana mzigo wa kuni, na anakutazama wewe mwenye darubini. Usimpige picha. Usimfokee, wala usimripoti kwa haraka. Msalimie, "Shikamoo mama", na umsikilize. Katika misitu mingine anaruhusiwa kuokota kuni kavu kwa utaratibu maalumu. Ana haki zaidi kuliko unavyodhani. Penye katazo, yeye ndiye anayelipa gharama ya uhifadhi wako, kwa kutembea mbali zaidi. Kikundi chenu kikitaka heshima kijijini, kwanza kijue jiko banifu linauzwa wapi na nani anaweza kufundisha kutundika mizinga. Magunia ya mkaa yanayotoka kwa pikipiki usiku ni habari nyingine. Hayo yaripotiwe.

Watoto

Wape kazi, usiwape hotuba: kuhesabu viota, kuchora nyayo, kutunza daftari. Shuleni uliza kama kuna klabu. Wildlife Clubs of Kenya ipo tangu 1968, Malihai Clubs of Tanzania tangu 1980, na Roots & Shoots ya Jane Goodall ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991. Kama haipo, mwalimu mmoja aliye tayari anatosha kuianzisha.

Wakianza kuumega

Siku moja utakuta mabati yamezungushwa, au vigingi vyekundu vimepigwa ndani ya mpaka. Karura ya leo ipo kwa sababu watu waliviona vigingi vya namna hiyo mwishoni mwa miaka ya tisini, wakakataa. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti pale tarehe 8 Januari 1999, na hawakuacha. Wewe huna haja ya kupigwa. Fuata utaratibu:

1. Piga picha ukiwa mbali, zenye tarehe na mahali. Usibishane na walinzi waliopo.
2. Muulize mhifadhi kama kuna kibali. Omba kuonyeshwa namba yake.
3. Andikeni barua kama kikundi, si mtu mmoja. Kenya, kwa KFS au kaunti, nakala kwa NEMA, mamlaka ya mazingira. Tanzania, kwa TFS na mkuu wa wilaya, nakala kwa NEMC, baraza la mazingira. Pelekeni kwa mkono na mdai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.
4. Ambatisheni kurasa za daftari lenu: nini kinaishi hapo, tangu lini mnakiona.
5. Mkinyamaziwa, tafuteni wakili wa mazingira. Kenya, Ibara ya 70 ya Katiba ya 2010 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua haki ya kila mtu ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya.
6. Hifadhini nakala mbili za kila karatasi: moja kwa katibu, nyingine nyumbani kwa mwanachama mwingine.